Mkono Mgongoni

Averil Toomey alikuwa amelala chali, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi pajani, na upande mmoja wa uso wake umevimba ukawa rangi ya zambarau. Hata hivyo midomo yake ilikuwa imepakwa rangi, tena kwa uangalifu.

"Nimeambiwa anakuja inspekta," alisema. "Sikutaka anikute kama maiti."

Inspekta Hester Beddoes alivuta kiti akaketi upande ule ambao mgonjwa hakulazimika kugeuza shingo. Sajenti Rana alibaki amesimama karibu na mlango.

"Anza kule juu mnarani, Bi Toomey. Polepole."

"Juu kulikuwa na jua kali. Nilipiga picha za mto, nikapiga picha za milima ya Wales, halafu nikaanza kushuka. Zile ngazi unazijua? Zinajizungusha kama konokono. Ukitoka kwenye jua ukaingia mle ndani, huoni hata pua yako. Mkono mmoja nimebeba mfuko, mwingine nimeshika ile kamba ya ukutani, nashuka huku napapasa kwa mguu."

"Ulikuwa peke yako?"

"Desmond alikwenda kutafuta chai. Desmond ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Win. Ndiye anayenitembeza tangu nifike kutoka Nyuzilandi." Midomo ile iliyopakwa rangi ikajaribu kutabasamu, uvimbe ukaikatalia. "Ngome zote hizi za mpakani mwa Wales, masoko yote. Yule mtu ana historia nzima kichwani, inspekta! Kila jiwe analijua nani aliliweka na nani alilibomoa."

"Endelea na ngazi."

"Katikati pana kile kidirisha chembamba cha kurushia mishale, na ukuta umeingia ndani kidogo. Mtu alikuwa amejibana pale ili anipishe. Nikamwambia asante, mpenzi. Nikapita. Nikashuka kidato kingine. Halafu mkono." Aliinua kidole kuelekea nyuma ya shingo. "Hapa, katikati ya mabega. Kiganja kizima. Haikuwa bahati mbaya, kama ndivyo unavyotaka kuniuliza. Mtu akikugonga kwa bahati mbaya hakusindikizi."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui."

"Alijibu ulipomshukuru?"

"Hapana. Alikuwa anahema tu."

Beddoes alimtazama Rana, Rana akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amelisikia hilo.

"Nani hapa Clunford anayekuchukia, Bi Toomey?"

"Mimi? Mtalii?" Alianza kucheka, akaacha kwa maumivu. "Basi, yupo yule mwanamke wa pai pale sokoni. Mume wake alinipa kidani. Mke akaapa atanivunja miguu. Nilidhani ni utani wa hapa kwenu."

"Na dada yako amekuja kukuona?"

"Maskini Win. Ana nyonga mbovu, hafiki hata getini kwake. Lakini Desmond hajaondoka tangu jana."

Naam, Desmond Gough alikuwa kwenye korido, mzee mrefu mwenye kofia mpya ya sufu, akiwa na vikombe viwili vya chai mkononi. Aliwaambia kwamba aliposikia yowe alikuwa kwenye foleni ya mkahawa wa ngome. Alikimbia, akamkuta Averil sakafuni, akapanda naye gari la wagonjwa. Mwenye mkahawa alikwisha kuthibitisha.

"Mkeo yuko na nani nyumbani?" Beddoes alimuuliza.

"Win?" Alionekana kushangazwa na swali. "Win hana shida. Win hajawahi kuwa na shida." Kisha akaingia chumbani kwa mgonjwa, akiusukuma mlango kwa bega ili chai isimwagike.

*

Ilikuwa Jumamosi na uwanja wa soko ulikuwa umejaa hadi ukutani mwa ngome. Sheila Tranter aliwaona polisi kabla hawajafika kwenye meza yake.

"Haya, serikali imekuja," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wateja wote. "Pai au pingu?"

"Maneno mawili tu, Sheila," alisema Beddoes. "Ulimtishia Bi Toomey kumvunja miguu."

"Nilimtishia. Na umevunjika mmoja, bado nina deni." Alimfungia bibi mmoja pai ya nyama ya nguruwe, akapokea hela, akafuta mikono. "Nisikilize, inspekta. Yule pale ni mume wangu." Alinyoosha kisu kuelekea meza ya mbele yake, ambako Ivor Tranter alikuwa akisugua vijiko vya fedha vya zamani na kujifanya hasikii. "Tangu anioe anauza vitu vya fedha. Hajawahi kunipa hata kijiko cha chumvi. Anakuja mwanamke na kofia yake ya majani, anacheka hi hi hi, bwana huyu anamvalisha kidani shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Bure! Sokoni! Mbele ya wateja wangu!"

"Kifungo chake kilikuwa kimekatika, Sheila!" Ivor alipaza sauti.

"Kifungo kimekatika kichwani mwako!"

Watu wa foleni walicheka. Beddoes hakucheka. "Jana asubuhi uliiacha meza yako ukaingia ndani ya ngome. Muda si mrefu Bi Toomey akaanguka."

Sheila aliweka kisu chini. Sauti yake ilishuka.

"Nilikwenda chooni. Choo cha soko kimefungwa tangu Pasaka, sote tunakwenda kule, muulize mtu yeyote hapa. Nikasikia yowe. Nikakimbia mpaka mnarani, nikamkuta mzee Pryce mlangoni ameganda kama sanamu, nikamvuta tukaingia pamoja. Yule mwanamke alikuwa anavuja damu kichwani. Nilimfunga kwa aproni yangu, nikamshika mkono hadi gari likaja." Alimtazama Beddoes machoni. "Alinikamata vidole kama mtoto. Nimechukia watu wengi, inspekta, lakini sijawahi kumsukuma mtu kwa nyuma. Mimi namfuata mtu usoni."

"Hilo nalijua," alisema Beddoes. "Ningependa pai mbili."

Walipokwisha kutoka kwenye kelele, Rana alisema huku akitafuna, "Anaweza kuwa anadanganya, bosi."

"Kama alivutwa na Pryce au Pryce alivutwa na yeye, Pryce atatuambia. Na kama aliingia mnarani baada ya yowe, hakuwemo wakati wa yowe."

*

Mzee Pryce, mlinzi wa mnara, alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake kando ya mlango mdogo wa mawe. Utepe wa polisi ulining'inia juu ya kichwa chake. Maelezo ya Sheila aliyathibitisha bila kufikiri: ndiyo, Sheila alikuja akitokea nje, tena akikimbia, na yeye ndiye aliyemtingisha.

"Na wewe ulikuwa mlangoni muda wote?"

"Muda wote. Nilimwambia yule konstebo jana. Aliniuliza kama nilimwona mtu akitoka mbio. Nikamjibu hakutoka mtu, si mbio wala kwa kutambaa."

Beddoes aliuinua utepe, akaingia. Mafundi walikuwa wamezipaka kuta chokaa wiki ile, na bado haikuwa imekauka vizuri. Alipanda taratibu, Rana nyuma yake. Ngazi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba bega lake la kushoto lilikwaruza ukuta kila alipozunguka. Pale kwenye kidirisha cha mishale alisimama, akajibana ndani ya uwazi, akamwambia Rana apite juu kisha ashuke.

Rana alishuka akipapasa. Alipita karibu naye hadi mkono wake ukamgusa koti.

"Ulinionaje?"

"Kama kivuli, bosi. Nisingejua hata kama ni wewe."

"Sasa sikiliza. Averil anashuka, mtu anampisha. Mtu huyo alikuwa anakwenda wapi?"

"Anapanda."

"Anapanda, na anahema. Baada ya kusukuma, hakutoka mlangoni, maana Pryce alikuwepo. Hakuna mlango mwingine. Basi alikwenda wapi?"

Rana aliinua macho kwenye giza la ngazi. "Akaendelea kupanda."

Walirudi chini. Beddoes alichuchumaa mbele ya kiti cha Pryce.

"Bwana Pryce, jana uliulizwa nani alitoka mbio. Mimi nakuuliza nani alikuwa juu."

"Juu? Wale Waholanzi, mke na mume. Niliwapa konstebo jina lao. Na yule bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi mmoja mwenye fimbo. Alipanda muda kidogo baada ya yule mgeni wenu. Nilimwonya kwamba ngazi ni ndefu, akasema atajikongoja." Pryce alianza kuona aibu, ingawa hakujua bado ya nini. "Gari la wagonjwa lilipoondoka nilipanda kuwateremsha waliobaki. Yeye nilimshika mkono mimi mwenyewe. Sikuona haja ya kumtaja. Ni bibi kizee, inspekta. Alikuwa anatetemeka miguu."

"Aliondoka kabla polisi hawajafika?"

"Nilimfikisha getini. Nikamwambia akapate chai."

"Mlizungumza?"

"Kule juu, kidogo. Watu wakifika pale huniuliza Wales iko wapi, wote huuliza hilo. Yeye aliniuliza Kichochoro cha Kinu kiko wapi. Nikamwonyesha. Akasimama anakitazama, nikafikiri labda anazungumza na Mungu."

Beddoes aliinuka. Kichochoro cha Kinu kilikuwa na nyumba chache za matofali mekundu nyuma ya kiwanda cha zamani, na hakuna mtalii aliyewahi kukiulizia. Rana alikuwa amekwisha kutoa simu. Waholanzi walikuwa kwenye ngome nyingine, ndani ya Wales, upepo ukivuma kwenye simu hadi Rana akalazimika kupiga kelele. Alisikiliza, akashukuru, akakata.

"Wanamkumbuka. Alitokea juu baada ya yowe. Mwanamke alimwambia, bibi, nadhani kuna mtu ameanguka. Akajibu, ndiyo, nimesikia. Akawapita akaenda ukingoni kutazama mji."

"Alisema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Nani anaishi Kichochoro cha Kinu, sajenti?"

Rana hakuhitaji kuangalia popote. "Win na Desmond Gough."

*

Winifred Gough alichelewa kufungua mlango, na fimbo yake ilisikika kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi, nadhifu, mwenye macho yaleyale ya mdogo wake. Hakuuliza Averil ameamkaje. Aliuliza kama wanatumia sukari.

Wakati birika likichemka, Beddoes alisimama karibu na ndoano za makoti. Koti moja la sufu ya kijani lilikuwa limepigwa brashi kwa nguvu hadi nyuzi zimesimama, lakini kwenye bega la kushoto weupe ulikuwa umeingia ndani ya kitambaa. Hakuligusa. Alimwonyesha Rana kwa macho.

"Jana ulimwambia konstebo kwamba hukutoka," alisema alipoketi.

"Nyonga yangu hainiruhusu."

"Ndiyo, hata Averil ameniambia hivyo. Umewahi kuupanda mnara wa ngome, Bi Gough?"

"Desmond husema hakuna cha kuona kule. Mawe tu."

"Unaishi Clunford tangu lini?"

"Tangu aliponioa akanitoa Dunedin, kule Nyuzilandi. Nilikuwa na nywele nyeusi." Alimimina chai bila kumwaga hata tone.

"Mtaa huu unaonekanaje ukiwa juu ya mnara?"

"Mdogo," alisema Win.

Birika lilibaki hewani. Kisha alilirudisha kwenye kisahani chake, akalifunika kwa kikofia chake cha sufu ili chai isipoe, akakaa. Rana aliweka kikombe chake chini.

"Huna lazima ya kusema chochote," Beddoes alianza, akamsomea maonyo yote hadi mwisho, na Win alisikiliza kwa adabu kama mtu anayesomewa habari za hali ya hewa.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nikuulize nami swali moja. Wewe umeolewa?"

"Jibu langu halitakusaidia, Bi Gough."

"Basi." Win alilaza fimbo mapajani. "Miaka yote niliyokaa hapa, hiyo ngome naiona nikiwa naanika nguo. Nilipofika nilimwomba anipeleke. Akasema atanipeleka majira ya joto. Majira ya joto yakaja akasema ni mawe tu, Win, utachoka. Sokoni nilikwenda peke yangu kununua viazi. Kisha anakuja Averil na sanduku lake. Jioni ya kwanza tu mume wangu anafungua mdomo, na mle ndani mna wafalme! Mna vita, mna tarehe, mna nani alimpa nani sumu. Nilikuwa nimekaa hapohapo ulipokaa. Nilidhani ameshikwa na wazimu. Sikujua kama anayajua."

"Ulifikiri wana uhusiano?"

"Ingekuwa uhusiano ningeuelewa." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wanaume hufanya hivyo, wake hulia, maisha yanaendelea. Hapana. Wanarudi jioni wanacheka, wameleta jibini ya soko hili, jemu ya soko lile, wananiwekea mezani kama mgonjwa anayeletewa matunda. Win, onja hii. Win, ungeuona ule ukumbi. Siku moja Averil ananiambia, una bahati ya kuishi na mwalimu kama huyu. Bahati!"

"Jana ulikwenda kuwafuata."

"Nilikwenda kuona ngome. Kwa tiketi yangu. Sikujua kama watakuwa huko, walisema wanakwenda Hereford." Alivuta pumzi. "Nilifika katikati ya ngazi, nyonga inaniua, nikasikia mtu anashuka anaimba. Nikaijua sauti. Nikajibana ukutani. Nilitaka apite tu, inspekta. Nilitaka asinione nikihema. Akapita, akaniambia asante, mpenzi, kwa sauti ileile anayomwambia Desmond akimfungulia mlango wa gari."

"Ukamsukuma."

"Nikamsukuma."

"Ulisikia akianguka?"

"Nilisikia mpaka mwisho."

"Na hukushuka."

"Nilikuwa nimebakiza nusu ya ngazi," alisema Win. "Nisingepanda tena maishani."

Rana, ambaye alikuwa ameona mengi tangu aanze kazi, aligeuka akatazama dirishani.

Ufunguo uliingia mlangoni. Desmond aliingia akiwa ameshika kofia mkononi, uso umechoka lakini una nuru.

"Averil amekula supu," alisema. "Bakuli zima." Ndipo alipowaona wageni, na vikombe, na mikono ya mkewe iliyotulia juu ya fimbo. "Mmempata?"

"Bwana Gough, keti," alisema Beddoes.

Hakuketi. Beddoes alimweleza kwa maneno machache, akiwa amesimama naye sawa. Desmond alisikiliza huku akimtazama Win, akingoja amkatize, akanushe, acheke. Win hakumkatiza.

"Win? Wewe?"

"Mimi."

"Lakini angeweza kufa."

"Angeweza."

"Kama ulitaka kwenda huko ngomeni, si ungeniambia tu? Ningekupeleka!"

Win alimtazama mume wake kama anayeangalia kazi ya kushona aliyoiharibu na hajui aanze kuifumua wapi. "Nilikwambia, Des," alisema. "Nilikwambia mpaka nikachoka kuisikia sauti yangu."

Desmond alizunguka jikoni. Aligusa kiti, akagusa sinki. Kisha akasimama ghafla kama aliyekumbuka jiko linawaka.

"Averil!" alisema. "Nani atamwambia Averil? Hawezi kulisikia hili kwa polisi, itamuua. Inspekta, nakuomba, niache nifike kabla yenu. Nitamwambia mimi. Anahitaji mtu karibu yake." Alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Mlango ulijifunga nyuma yake, gari likanguruma, likatoka kichochoroni kwa kasi ambayo mzee huyo hakuizoea.

Win alilisikiliza hadi liliposhika barabara ya hospitali.

"Umemwona," alimwambia Beddoes. Hakusema kwa ushindi.

"Nimemwona."

"Hakuuliza hata napelekwa wapi."

Beddoes alivaa glovu, akalitoa koti la kijani kwenye ndoano na kulitia ndani ya mfuko wa karatasi. Win aliinuka kwa kuegemea meza. Rana alivua jaketi lake akamwekea mabegani, likamfika magotini, akampa mkono washuke kizingiti.

"Tunakwenda wapi, kijana?"

"Shrewsbury, mama. Kituo kikubwa kiko huko."

"Shrewsbury," alirudia Win. Alisimama kidogo mlangoni, jaketi la mtu mwingine likimpwaya. "Averil alipelekwa huko Jumatatu. Walikula chakula cha mchana kando ya mto, akaniletea picha."

Kisha akaingia ndani ya gari, akakaa upande wa dirisha.